Radi Haisomi Tenda

Nianze kwa kukiri, ili mtu asije akanianika baadaye: ile swichi iliyolipuka kwenye kibanda cha soja niliiweka mimi. Kwa mikono yangu miwili, Jumamosi moja ya mwezi wa pili, nikalipwa, nikanywa chai kwa mandazi, nikapanda boda kurudi Keroka nikijiona fundi wa kufundisha wengine.

Shule yenyewe siitaji. Iko Nyamira, juu ya kilima, kama zilivyo shule zetu nyingi: afisi upande wa barabara, maabara ya kompyuta upande wa pili wa uwanja, na katikati nyasi, magoli mawili na safu ya mikaratusi. Intaneti ilikuwa imeshafika afisini. Faiba ilishuka kutoka kwa nguzo ya stima, ikaingia ukutani, poa kabisa. Mwalimu mkuu alitaka kitu kimoja tu: ivuke uwanja. Akaniambia, "Kijana wangu, hii kitu imetoka Mombasa mpaka hapa. Itashindwaje kufika pale?"

Lilikuwa swali zuri kuliko jibu nililompa.

Kutoka afisini hadi maabara ni mita 170. Nilizipima. Na nilijua vizuri kwamba kebo ya shaba, ile ya bluu yenye nyaya nane zilizosokotwa jozi jozi, haifai kuzidi mita 100 kati ya kifaa na kifaa. Basi nikafanya ujanja ambao kila fundi wa mtandao nchini ameufanya angalau mara moja. Nikaivuta kebo juu ya mikaratusi hadi kibanda cha soja langoni, nikaweka hapo swichi ndogo, kisha nikaendelea na kebo nyingine hadi maabara. Mita 95, halafu 75. Taa za kijani zikawaka. Walimu wakapiga makofi.

Ilifanya kazi wiki saba. Kisha likaja wingu la saa tisa.

Radi haikupiga shule. Ilipiga mkaratusi ulio nje ya ua, kwenye shamba la jirani. Lakini swichi ya kibandani ilipasuka kama maharagwe kwenye sufuria kavu. Rauta ya afisini ikatoa moshi. Kompyuta nne za maabara zikafa papo hapo. Karani, ambaye mkono wake ulikuwa juu ya mashine, alirushwa kutoka kitini, na mkono ukabaki na ganzi siku mbili. Soja alikuwa ametoka kufunga madirisha ya bweni. Maabara ilikuwa tupu kwa sababu Kidato cha Pili walikuwa wamepelekwa kushangilia mechi shule jirani. Wanafunzi 40 na kitu, kila mmoja angekuwa ameshika kibodi iliyounganishwa na waya wangu.

Nilipigiwa simu nije nirekebishe. Hakuna aliyenilaumu. Wote walisema, "Ni radi tu, ni mambo ya Mungu." Ndipo nikaona kwamba nikinyamaza, nitaweka swichi nyingine pale pale, nilipwe tena, na Mungu aendelee kubebeshwa lawama yangu.

Kwa hivyo nasema wazi: kati ya jengo na jengo, acheni shaba. Wekeni faiba. Msiweke shaba "kwa sasa tu," msiweke shaba "halafu tutaona." Kwenye vilima hivi vyetu, kuning'iniza shaba kati ya paa na paa ni uzembe, na anayejua na bado anafanya, kama nilivyojua mimi, hana pa kujificha.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo mita 100, maana kuna wasee watakaoniambia wana kebo ya mita 130 na YouTube haikwami. Sawa. Kile kipimo si ukuta ambao ukiuvuka umeme unakata. Ni ahadi. Waliotengeneza viwango vya kebo hizi wanasema hivi: ndani ya mita 100, yaani 90 zilizofungwa ukutani na 10 za nyaya za mkononi, tunakuhakikishia gigabiti 1 kwa sekunde. Ukizidi, uko peke yako. Mawimbi yanazidi kudhoofika kadiri waya unavyorefuka, kelele kutoka jozi moja inaingia jozi nyingine, vifaa vinaanza kurudia kutuma kile ambacho hakikufika, au vinashuka kimyakimya hadi megabiti 100. Unaona mtandao upo, ila ni mzito, na kila mtu anamtukana mwenye kuuza intaneti. Ukitaka gigabiti 10, kebo ya Cat6 ya kawaida inakuahidi mita 55 tu. Uwanja wa shule wenyewe unaimaliza ahadi hiyo kabla haujaisha.

Lakini umbali ndio ubaya mdogo. Ubaya mkubwa uko ardhini.

Kila jengo lenye stima lina waya unaoingia ardhini, au linafaa kuwa nao. Afisi ina wake, maabara ina wake. Siku ya kawaida ardhi ya hapa na ardhi ya pale ni kitu kimoja. Radi inapopiga karibu, hata kama ni kwenye mti wa jirani, mkondo unamwagika udongoni, na kwa sekunde ndogo sana ardhi ya upande mmoja inakuwa na volti nyingi kuliko ardhi ya upande wa pili. Huo umeme unatafuta njia ya kusawazisha mambo. Na wewe, fundi, umeutandikia barabara ya shaba kutoka jengo moja hadi jingine, ukaufungia kwenye kompyuta pande zote mbili. Isitoshe, waya mrefu uliotundikwa angani unaokota umeme wa radi hata bila kuguswa. Radi haihitaji kukulenga. Inatosha ipite mtaani kwako.

Na mtaani kwetu inapita sana. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana upepo wenye unyevu unatoka ziwani, unapanda milima ya Gusii na Kericho, unakuwa mawingu, na kufikia alasiri tunajua kitakachofuata. Majirani zetu wa Kericho wanajulikana dunia nzima kwa mvua ya mawe inayochana majani chai. Sisi mtoto wa darasa la pili anajua kwamba kukinguruma hukai chini ya mti. Bibi anazima redio na kuichomoa. Halafu fundi kutoka chuo anakuja, na cheti chake, anafunga waya juu ya mti huohuo na kuupeleka hadi kwenye vidole vya watoto. Bibi ana elimu ya umeme kutuliko.

Faiba ni kioo. Uzi wa kioo mwembamba, na moyo wake, pale mwanga unapopita, ni mikromita 9 hivi, mwembamba mara kadhaa kuliko unywele. Kioo hakipitishi umeme. Radi ikipiga afisi, haiwezi kutembea ndani ya kioo kwenda maabara. Ni hilo tu. Hakuna uchawi.

Na hauchoki haraka. Mwaka wa 1966 Charles Kao, akifanya kazi Uingereza na mwenzake George Hockham, alieleza kwamba tatizo la kupitisha mwanga mbali ndani ya kioo ni uchafu uliomo kiooni. Kisafishe, mwanga utasafiri. Leo kioo kimesafishwa kiasi kwamba mwanga wa urefu wa wimbi unaofaa unaweza kwenda kama kilomita 15 ndipo upoteze nusu ya nguvu yake. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2009. Mwaka huohuo kebo za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kutoka chini ya bahari, na Kenya ikaanza kuacha kutegemea satelaiti. Kioo hichohicho ndicho kilichopanda bara, kikawa uti wa mgongo wa faiba wa taifa, ule tunaouita NOFBI, uliofikishwa hadi makao ya kaunti, Nyamira ikiwemo.

Sasa fikiria. Mwanga umetoka Fujairah, umepita chini ya Bahari ya Hindi, umepanda kutoka usawa wa bahari hadi milima yetu, maelfu ya kilomita, ndani ya kioo. Umefika mlangoni pa shule. Zimebaki mita 170. Hapo ndipo tunaamua kuutoa kwenye kioo, kuugeuza umeme, na kuuning'iniza mtini. Mwalimu mkuu aliuliza utashindwaje kufika pale. Jibu la kweli lilikuwa: haushindwi, Mwalimu. Ni mimi ninayeushindisha.

Najua mtakachosema. Nimeyasikia yote, mengine nimeyasema mimi.

Mtasema faiba ni ghali. Ingia duka lolote la vifaa vya mtandao Nairobi ulinganishe wewe mwenyewe: mita moja ya faiba ya kawaida na mita moja ya kebo ya shaba ya nje iliyo ya shaba kweli, si ile ya alumini iliyopakwa rangi ya shaba ambayo wengi wetu tunauziwa. Utashangaa. Vigeuzi vya kubadilisha umeme kuwa mwanga, kimoja kila upande, si vya kutisha. Kilicho ghali ni mashine ya kuunganisha nyuzi, na huhitaji kuinunua. Kila mji wenye intaneti ya nyumbani una vijana wanaounganisha faiba kila siku wakiwa wamekaa juu ya ndoo kando ya barabara. Mwite mmoja, mlipe kazi ya saa moja. Au agiza kebo ya urefu wako ikiwa imefungwa vichwa tayari. Halafu upande wa pili wa daftari andika bei ya rauta, swichi na kompyuta nne. Ndiyo gharama ya "rahisi."

Mtasema waifai ya kurushiana kati ya paa na paa. Ina mahali pake. Kama kati yenu kuna bonde, mto au shamba la mtu ambaye hataki mtaro wako, rusha. Lakini ndani ya ua wako mwenyewe, kwa nini? Mkaratusi unakua. Mwaka huu unaona paa la pili, mwaka kesho unaona majani. Na kile kisahani cha juu ya paa bado kinashuka na waya wa shaba hadi ndani. Umehamisha tatizo ukalipeleka juu zaidi, karibu na mawingu.

Mtasema Starlink. Hii nasikia sana tangu iingie Kenya mwaka wa 2023. Wasee, Starlink inaleta intaneti kwenye paa moja. Paa la pili bado liko ng'ambo ya uwanja. Mambo ya angani hayakuondolei kazi ya ardhini.

Mtasema kuna vifaa vya kuzuia radi, unavifunga kwenye kebo ya shaba. Vipo, na vinasaidia pale ambapo waya wa ardhini ni mzuri. Nenda ukautazame wa shule yako. Mara nyingi ni kipande cha chuma kilichogongwa nyundo siku stima ilipoingia, na hakuna aliyekipima tangu siku hiyo.

Na mimi pia nina la kukubali. Faiba si hirizi. Radi bado inaweza kuingia kwa waya wa stima, kwa hivyo kinga ya upande huo inahitajika vilevile. Kuna faiba zenye waya wa chuma ndani yake wa kuzipa nguvu. Hizo zinapitisha umeme kupitia kile chuma, na ukiziweka bila kufikiri umerudi palepale. Chagua isiyo na chuma kabisa. Na faiba haibebi stima, kwa hivyo kila jengo lazima liwe na umeme wake. Haya ni mambo ya kupanga. Hayafanyi shaba iwe salama.

Kama ni rahisi hivi, kwa nini hatufanyi? Kwa sababu mtaro haupigwi picha.

Mwaka wa 2016 serikali ilianza kugawa tabuleti kwa shule za msingi. Mnakumbuka picha. Mwaka wa 2022 tukaahidiwa kilomita 100,000 za faiba na sehemu 25,000 za waifai ya umma. Sipingi. Kilomita ni muhimu. Lakini sikuwahi kusikia ahadi ya mita. Hakuna mwanasiasa aliyesimama Nyansiongo au Kebirigo akasema, "Nitaweka mita 300 za bomba kati ya wodi ya akina mama na maabara." Tenda zinaandikwa kwa kuhesabu kompyuta, maana kompyuta zinapangwa mezani na mgeni wa heshima anakata utepe. Hakuna anayekata utepe wa mtaro. Mzabuni anaweka kebo iliyo rahisi kuvutwa kwa siku moja, bodi inatia sahihi kwa sababu taa ni za kijani, na fundi anaitwa baada ya mvua.

Si shule tu. Kuna kituo cha afya ambacho nimefanyia kazi, nacho sikitaji. Usajili uko jengo la mbele, maabara nyuma, dawa kando, wodi ya kujifungua chini ya mteremko. Tangu bima ya SHA ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, mgonjwa anasajiliwa na kuidhinishwa kwa mtandao. Mtandao uko jengo la mbele. Nimemwona mama akiwa na uchungu wa kuzaa, mumewe anapanda mteremko na kitambulisho mkononi, anashuka, anapanda tena kwa sababu nambari imekosewa. Kati ya wodi na usajili ni mita 240. Waya wa shaba ulikuwepo. Ulikufa kwenye radi ya msimu uliopita, na mabaki yake yalikuwa yameanikiwa nguo.

Niwaambie tulichofanya kule shuleni, maana kulalamika bila kuchimba ni nusu ya kazi.

Nilirudi. Nikasema kebo ya faiba nanunua mimi, ni deni langu. Mwalimu mkuu akauliza nani atachimba mita 170. Nikamtazama tu. Sisi ni Abagusii. Babu zetu walikuwa na risaga, majirani wanakusanyika wanalima shamba la mmoja, kesho la mwingine. Kama kuna kitu kaunti hii inajua, ni jembe. Mashimo ya majani chai yaliyochimbwa kwenye miteremko hii, ukiyaunganisha, ni mtaro wa kufika mbali sana. Wazazi walikuja Jumamosi, 20 na wachache. Udongo mwekundu ulikuwa na unyevu mzuri. Kufikia saa saba mtaro ulikuwa umevuka uwanja nyuma ya goli, zaidi ya nusu mita kwenda chini, ili jembe la mtu asiyejua lisiufikie.

Tukalaza bomba la plastiki, ndani yake faiba ya nyuzi nne ingawa tulihitaji mbili, kwa sababu uzi wa akiba unagharimu kidogo leo na mtaro mpya unagharimu sana kesho. Tukaacha kamba ndani ya bomba, ya kuvutia kebo nyingine siku moja. Tukachagua ile faiba ya njia moja ya mwanga, ambayo kwa moduli za kawaida inabeba gigabiti 1, au 10, hadi kilomita 10. Miaka kumi ijayo wakitaka kasi zaidi watabadilisha vifaa vya miisho miwili. Kioo kitabaki palepale. Hatukuikunja kona kali, maana mwanga hutoroka penye kona. Tukafuta ncha zake kabla ya kuzichomeka, na nikawakataza wanafunzi kuchungulia ndani, kwa sababu mwanga ule wa leza hauonekani kwa jicho lakini jicho unaliona. Mwisho tukachora ramani ya mtaro, nakala moja kwa faili ya shule, nyingine ukutani.

Kabla ya kufunga vifaa, nilichukua ile kalamu ya kupimia yenye taa nyekundu, nikaiwasha upande wa afisini. Karani, yuleyule, alikuwa maabara. Nilimpigia simu. Akasema, "Fundi, naiona. Iko hapa, nyekundu." Kisha akauliza, "Na hii haiwezi kunirusha tena?" Nikamwambia, "Si kwa njia hii, mama." Hakucheka. Nami sikumwomba acheke.

Mikaratusi bado ipo. Radi imepiga mara nyingi tangu hapo, na mtaro uko kimya.

Wewe unayesoma hii ukiwa Umoja au Rongai, kwenye matatu, ukitumia bando la jioni: Desemba utapanda gari la kwenda nyumbani. Pita shule yako ya zamani, au zahanati ulikozaliwa. Simama uwanjani, tazama juu. Ukiona waya wa bluu umening'inia kati ya paa na paa, usipige picha ya kuchekesha watu. Ingia afisini, salimia kwa heshima, uulize ni nani aliyeuweka na ni lini utatolewa. Ukiambiwa hakuna pesa, uliza kompyuta zilizoungua mwaka jana ziligharimu ngapi.

Na kama ni wewe uliyeuweka, kama mimi, unajua jembe liko wapi.